Mgeni na Jembe Lake: Dini na Hadhi ya Kisheria ya Wafanyakazi Wahamiaji Mitaani Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mgeni mzembe, yaani mtu anayekula vya wenzake bila kujituma. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, inamwajibisha mwenyeji vilevile. Haisemi kwamba siku ya tatu mgeni afukuzwe, wala haisemi kwamba ajitafutie jembe. Inasema apewe. Anayempa mgeni jembe hana budi kumwonyesha pia shamba, na kumlinda asije akanyang'anywa jembe hilo njiani.

Makala haya yanaichukua methali hiyo kama kurunzi ya kumulikia suala linalowagusa maelfu ya watu katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, maarufu kama Eastlands. Suala lenyewe ni wafanyakazi waliotoka nchi jirani, ambao wengi hawana hati za kuwaruhusu kuishi au kufanya kazi nchini, pamoja na mchango wa dini katika madai ya kuwapatia hadhi ya kisheria. Inajulikana wazi kwamba makanisa na misikiti imekuwa ikiwalisha, kuwavisha na kuwazika wageni hao kwa miaka mingi. Jambo lisilojadiliwa sana ni kwamba mafundisho ya dini zenyewe hayaishii katika sadaka. Makala yanadai kuwa Ukristo na Uislamu, dini mbili zenye wafuasi wengi Eastlands, zina masimulizi yanayompeleka mgeni kutoka kwenye chakula hadi kwenye kazi, na kutoka kwenye kazi hadi kwenye nafasi inayotambuliwa hadharani. Sadaka isiyofika huko ni ukarimu wa siku mbili za kwanza tu.

Mgeni, mkimbizi na "haramu"

Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni wapenzi wa lugha, yafaa mjadala uanzie kwenye maneno. Kiswahili hutumia neno moja, mgeni, kwa mtu aliyealikwa karamuni, kwa mtu asiyejulikana mtaani na kwa raia wa nchi nyingine. Neno hilo halijaamua bado kama mtu huyo atakaribishwa au atashukiwa. Mkimbizi, linalotokana na kitenzi kimbia, humtaja mtu kwa tendo alilolifanya jana. Hata akikaa Eastleigh miaka thelathini, lugha bado inamwona akikimbia. Mhamiaji lina matumaini zaidi. Limejengwa juu ya hamia, kauli ya kutendea ya kitenzi hama, na kauli hiyo huelekeza macho kwenye mahali mtu anakokwenda.

Katika magazeti na matangazo ya redio, hata hivyo, neno mhamiaji haliachwi peke yake. Huandamana na kivumishi: wahamiaji haramu. Kivumishi hiki kinastahili kuchunguzwa, kwa sababu asili yake ni ya kidini. Katika sheria ya Kiislamu, haramu ni hukumu inayohusu tendo au kitu: wizi ni haramu, nyama ya nguruwe ni haramu. Anayetenda haramu huitwa mkosaji, na mlango wa toba huwa wazi kwake. Haitwi mtu haramu. Kosa la kukaa nchini bila kibali ni kosa la kiutawala. Linapoelezwa kwa neno haramu, upungufu wa karatasi hugeuzwa kuwa najisi ya nafsi.

Kiswahili kimewahi kufanya hivyo kabla. Neno mwanaharamu humbandika mtoto tendo la wazazi wake na kumfanya alibebe hadi kaburini. Mtoto aliyezaliwa Eastlands na wazazi wasio na hati hurithi kivumishi kwa njia iyo hiyo, ilhali yeye hakuvuka mpaka wowote. Ndiyo maana makala haya yanatumia maelezo marefu kidogo, mfanyakazi mhamiaji asiye na hati, ambayo yanataja kazi kwanza na upungufu baadaye.

Eastlands: mitaa ya wenye vipande

Si ajabu kwamba suala hili limeota mizizi Eastlands. Historia ya mitaa hii ni historia ya wafanyakazi ambao mji uliwahitaji mchana na kuwatilia shaka usiku. Serikali ya kikoloni iliianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika mahali pamoja, na baadaye ikafuata mitaa kama Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Mkaazi wa mitaa hiyo hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa Nairobi. Alihesabiwa kuwa kibarua ambaye kwao ni kwingine.

Chombo kilichotumika kumdhibiti kilikuwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa ukamilifu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri wake, aghalabu ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, mojawapo ya mambo aliyokuwa akiyapinga ni kipande hicho. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi, wakaisaka mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba na kuwapeleka maelfu kizuizini baada ya kuwachuja kwa kabila na kwa karatasi. Hadi leo wazee wengi wa Nairobi hukiita kitambulisho cha taifa kipande. Neno limedumu kuliko utawala uliolizaa.

Eastleigh, ambayo iliundwa mwaka 1921, ina hadithi yake. Ilikaliwa tangu mapema na Wahindi na Wasomali, na baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991 ikapokea wakimbizi wengi. Nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, ambayo vyumba vyake viligeuzwa kuwa maduka, ilikuwa mwanzo wa majumba ya biashara yanayoipa Eastleigh sifa yake leo. Wahabeshi na Waoromo wamefungua mikahawa humo. Kayole na Umoja, Kiswahili cha Bukavu husikika sokoni karibu na Kirundi, na mafundi cherehani, wauza vitenge, wachuuzi wa njugu na wasusi wa nywele hutoka pande zote za Maziwa Makuu. Wako wakimbizi wenye hati, wako waliozuiliwa hati, na wako waliokuja kutafuta riziki tu. Polisi anapopita jioni, tofauti hizo huwa hazionekani.

Sheria na mlango wake mwembamba

Kwa mujibu wa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mtu anayepatikana nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au vyote viwili. Mchuuzi anayetaka kuepuka adhabu hiyo anahitaji kibali, lakini vibali vimepimwa kwa kimo kisicho chake. Kibali cha kuendesha biashara, daraja la G, humtaka mwombaji athibitishe mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Mwenye sinia la njugu hawezi hata kuukaribia mlango huo. Kibali cha daraja la M kimewekewa wakimbizi, nao kwa miaka mingi wamekipata kwa shida.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimtambua mkimbizi, ila katika suala la ajira ikamweka chini ya vikwazo vilevile vya wageni wengine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilipiga hatua: inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara pale anapokuwa na ujuzi unaotambuliwa na mamlaka husika, na inamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuiacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili anufaike na mkataba wa Jumuiya. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025, umelenga hasa kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makaazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja. Mfanyakazi wa Eastlands yuko mbali na kambi hizo kwa kilomita nyingi, na kama hajawahi kutambuliwa kuwa mkimbizi, sehemu kubwa ya manufaa hayo haimfikii.

Ofisi ambako wengi wamekuwa wakienda kujiandikisha kama wakimbizi jijini iko Shauri Moyo, katikati ya Eastlands yenyewe. Mwanafunzi wa lugha hatakosa kuliona jina hilo. Anayekwenda huko akiwa na watoto wake na bahasha ya karatasi huenda kupeleka shauri ambalo uamuzi wake hautegemei moyo wake.

Mafundisho ya dini: Ruthu na Abdurrahman

Wahubiri wengi wanapomzungumzia mgeni huanza na amri za jumla. Torati inawaagiza Waisraeli wamtendee mgeni kama mzalia kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Kurani inamtaja msafiri aliyekatikiwa njiani miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka. Maagizo haya ni msingi, lakini masimulizi mawili yanaeleza vizuri zaidi hatua zinazofuata.

La kwanza ni la Ruthu, mjane wa Moabu aliyemfuata mkwewe Naomi hadi Bethlehemu. Ruthu hakuketi kungoja kulishwa. Alikwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji, kazi ambayo sheria ya Israeli iliwaruhusu maskini na wageni. Boazi, mwenye shamba, alimpa chakula. Kisha akawaonya vijana wake wasimguse wala kumsumbua, jambo linaloonyesha kuwa mfanyakazi mgeni wa kike alikuwa hatarini hata wakati huo. Hadithi ingeweza kukomea hapo, ikawa hadithi ya tajiri mwema. Haikukomea. Boazi alipanda hadi lango la mji, akaketi na wazee kumi, na shauri la ardhi na ndoa likaamuliwa mbele ya mashahidi. Mwanamke ambaye masimulizi yamekuwa yakimwita Mmoabi akaingizwa katika ukoo, na Mfalme Daudi akatoka katika uzao wake. Wema wa shambani ulihitaji kuthibitishwa langoni.

La pili ni la Madina. Waislamu walipohama kutoka Maka mwaka 622, Mtume Muhammad aliwaunganisha wahamiaji na wenyeji, yaani Muhajirina na Ansari, wawili wawili kwa udugu. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, ambaye alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba kitu kimoja: aonyeshwe soko. Alianza kwa kuuza jibini na samli, akaishia kuwa mmoja wa matajiri wa Madina. Hakuna msikiti Eastleigh ambao hauna waumini wanaoielewa hadithi hiyo kwa undani wa kibiashara. Inafaa kukumbuka pia kwamba udugu huo haukuachwa uwe wa moyoni tu. Mkataba wa Madina uliandikwa, ukataja makundi, wakiwemo Wayahudi wa mji huo, na kueleza haki na wajibu wa kila moja.

Masimulizi haya mawili yana muundo mmoja. Kwanza pana chakula au mali inayotolewa. Pili pana kazi: shamba la shayiri au soko. Tatu pana tamko la hadharani, langoni au katika mkataba. Methali ya Kiswahili inazitaja hatua mbili za mwanzo. Dini zinaongeza ya tatu.

Kutoka sahani hadi hati

Je, dini Eastlands zimeyafuata mafundisho yake? Jibu la haki ni kwamba zimeyafuata kwa hatua zisizo sawa. Hatua ya sahani haina ubishi. Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, lililoanzishwa na Pedro Arrupe mwaka 1980, lina ofisi zake za Afrika Mashariki jijini Nairobi, na limefanya kazi kupitia parokia ili kuwafikia wageni wanaoogopa kwenda ofisini. Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya limewahudumia wakimbizi kwa miongo kadhaa. HIAS, shirika lililoanzishwa na Wayahudi wa Marekani kuwasaidia wenzao waliokimbia mateso Ulaya, lilianza kazi Nairobi mwaka 2002 likiwahudumia watu ambao karibu wote si Wayahudi. Misikiti ya Eastleigh nayo hukusanya michango ya matibabu, karo na mazishi bila kuuliza uraia wa marehemu.

Hatua ya jembe nayo ipo. Kozi za ushonaji, useremala na lugha hutolewa katika majengo ya ibada au karibu nayo, na Wajesuiti waliwahi kufungua duka liitwalo Mikono ili kuuza kazi za mikono za wakimbizi. Hapa ndipo tatizo hujitokeza. Mtu anapofundishwa kushona na kupewa cherehani, kisha akakamatwa kwa kufanya kazi bila kibali, msaada huo unakuwa umemtoa nje akaonekane na askari. Barua ya padri au ya imamu inayomtambulisha huweza kumlainisha afisa mmoja jioni moja, lakini haina nguvu ya sheria. Kesho atakutana na afisa mwingine, na atalazimika kutoa kitu kidogo.

Miaka ya 2012 hadi 2014 ililifunua tatizo hilo wazi. Tarehe 30 Septemba 2012 guruneti ilirushwa katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Polycarp, kando ya Barabara ya Juja, watoto walipokuwa katika shule ya Jumapili. Mtoto mmoja akafa. Vijana wenye hasira wakawashambulia Wasomali. Desemba mwaka huo serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na wakimbizi saba walikwenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaibatilisha amri hiyo. Amri nyingine ilitolewa Machi 2014, na mwanzoni mwa Aprili, baada ya milipuko Eastleigh, ikaanza operesheni ya Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Kenya. Viongozi wa Kiislamu walilalamika hadharani, na mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi ikatoa ripoti mwaka huohuo iliyotaja ubaguzi wa kikabila na hongo. Operesheni Anvil na Usalama Watch zimetenganishwa na miaka 60 kamili, katika mwezi uleule wa Aprili na mitaa ileile.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba chakula na cherehani havikumwokoa mtu Kasarani. Kilichomsaidia ni hati, na kilichoisimamisha amri ya kwanza ni hukumu ya mahakama. Ndani ya Kanisa Katoliki, msimamo huo ulikuja kuelezwa waziwazi na Papa Francis. Katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2018 alifafanua vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kujumuisha. Chini ya kitenzi cha mwisho alipendekeza kwamba wahamiaji walioishi nchini kwa muda mrefu wafunguliwe njia maalumu ya kuhalalishwa, na kwamba uraia usifungwe kwa masharti ya fedha au lugha. Sharti hilo la lugha litarejelewa mwishoni.

Kielelezo cha Washona

Kuna wanaodhani kwamba kumhalalisha mfanyakazi mhamiaji ni ndoto. Kielelezo cha Washona wa Kenya kinawajibu. Watu hawa walikuja kutoka Zimbabwe na Zambia za leo, hasa miaka ya 1960, wakiwa waumini wa kanisa la Injili ya Mungu lililoanzishwa na nabii Johane Masowe. Walikuja kuhubiri na kufanya kazi kwa mikono: kusuka vikapu, kufua mabati na kutengeneza samani. Walikaa Githurai, pembezoni mwa Eastlands, na katika vijiji vya Kaunti ya Kiambu kama Kinoo na Kiambaa.

Baada ya Uhuru wengi wao hawakupata uraia, na watoto wao wakazaliwa bila taifa. Fundi aliyetengeneza kitanda cha Mkenya hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kanisa lao liliwahifadhia umoja, maadili na ufundi kwa vizazi vitatu, lakini halikuweza kuwapa cheti cha kuzaliwa. Hatimaye, kutokana na juhudi za jamii yenyewe, mashirika ya haki za binadamu na la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza tarehe 12 Desemba 2020 kwamba wangepewa uraia, na mwaka uliofuata zaidi ya Washona 1,600 wakapokea vyeti.

Kabla yao, Wamakonde ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016, wakaahidiwa vitambulisho na rais. Mwaka 2023 Wapemba wa pwani ya Kenya nao walitambuliwa. Katika visa hivi vyote Kenya haikuporomoka. Ilipata walipa kodi ambao tayari walikuwa kazini.

Pingamizi

Haitoshi kuwasifu wanaounga mkono bila kuwasikiliza wanaopinga. Pingamizi la kwanza ni la ajira. Kijana wa Dandora aliyekosa kazi huuliza kwa nini kanisa lake limtetee Mrundi anayekubali ujira mdogo. Swali hilo ni la haki, na hasira yake haitokani na chuki peke yake. Hata hivyo, mwajiri humlipa mgeni kidogo kwa sababu anajua kwamba hawezi kushtaki. Mfanyakazi mwenye hati anaweza kudai mshahara wa kisheria, na akiudai, bei ya kazi ya jirani yake Mkenya haishuki. Anayefaidika na ukosefu wa hati ni mwajiri na anayekula hongo.

Pingamizi la pili ni la usalama. Waliomzika mtoto wa Mtakatifu Polycarp hawawezi kuambiwa kwamba hofu yao ni ya bure. Lakini mtu aliyeandikishwa, mwenye alama za vidole na anwani, hujulikana na dola zaidi ya mtu anayelala kila usiku nyumba tofauti kwa kuogopa msako. Kuhalalisha ni namna ya kufahamu ni nani yuko mtaani.

Pingamizi la tatu lazielekea dini zenyewe, na huenda ndilo zito zaidi. Mara nyingi msikiti humtetea Msomali, na kanisa humtetea Mkongo. Kila mmoja akimtetea ndugu wa imani yake tu, utetezi huo hugeuka kuwa ukabila uliovaa kanzu. Simulizi la Ruthu linahusu mwanamke aliyetoka katika taifa lenye miungu mingine, na Mkataba wa Madina uliwataja wasiokuwa Waislamu. Kipimo cha uaminifu wa mahubiri Eastlands ni siku ambapo padri atakwenda kituo cha polisi kumdhamini mfua nguo Mworomo Mwislamu, na imamu atamwandikia barua mchuuzi Mrundi Mkatoliki.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba dini haziingii katika suala la hati za wafanyakazi wahamiaji kwa bahati mbaya au kwa kujishughulisha na siasa. Zinasukumwa huko na masimulizi yao wenyewe, ambamo ukarimu haukamiliki hadi mgeni apate kazi na nafasi inayotambuliwa. Eastlands, ambako babu alivaa kipande shingoni, ni mahali pafaapo kulielewa jambo hilo.

Lipo jukumu moja linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Sheria ya mwaka 2011, inapotaja masharti ya mtu asiye na taifa kusajiliwa kuwa raia, inataka awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa lugha nyingine ya wenyeji. Papa Francis alitamani uraia usifungwe kwa lugha. Sheria ya Kenya imeufunga, na kufuli lake mojawapo ni Kiswahili. Maadamu sharti hilo lipo, anayefundisha Kiswahili jioni katika ukumbi wa kanisa au darasa la madrasa anashika ufunguo. Wako wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Nairobi wanaoweza kufundisha saa mbili kwa wiki, kufasiri fomu za Shauri Moyo, na kuwashauri wahariri waliache neno haramu mahali pake. Kazi hizo hazihitaji ruzuku. Zinahitaji watu wanaoijua lugha na wanaokubali kwamba siku ya tatu imeshafika.